Muulize Mtendaji: Mvua Ikipiga Usiku, Ufunguo wa Shule Anao Nani?

Tangu tuliposema safu hii itaongelea maafa, barua zimeingia kama maji ya Msimbazi, na nyingi zimetoka huko huko bondeni. Kwa msomaji mgeni: nimekuwa mtendaji wa mtaa, baadaye wa kata, hapa Dar es Salaam, miaka 26. Nimestaafu na goti bovu na kaunta buku 11 zilizojaa mwandiko wangu. Majibu mengi yanatoka humo.

*

*Mama Mtendaji, shikamoo. Nakaa Kigogo, karibu na mto. Kila masika simu inajaa ramani za Mamlaka ya Hali ya Hewa, njano, angalizo, angalizo. Mara mvua inapiga kweli, mara jua linawaka mpaka tunacheka. Sasa mtu ahame kila wakisema angalizo?*
Mama wa watatu, Kigogo

Marahaba, mwanangu. Hapana, usihame. Ila usiishie kwenye rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini ya ramani kuna maneno madogo ambayo watu hawayasomi: uwezekano wa kutokea, kiwango cha athari, halafu athari zenyewe. Ukikuta pameandikwa "baadhi ya makazi kuzungukwa na maji", jua hapo unazungumziwa wewe wa Kigogo, wala si mtu wa Mbezi juu mlimani.

Angalizo ni siku ya kupandisha unga juu ya kabati, kuchaji simu na kukubaliana nyumbani kwamba usiku mkihama mnaelekea kwa nani. Ikifika tahadhari, watoto na wagonjwa wakalale kwa ndugu aliye juu. Nyekundu usimsubiri mtendaji agonge mlango, maana naye huenda yuko kwenye maji.

Na jambo hili tulijifunza kwa machozi: maji yanayokuingilia si lazima yawe ya mvua iliyonyesha juu ya bati lako. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe. Kwako kunaweza kuwa na nyota, huko juu kunamwagika.

Usiku wa Desemba 2011, mafuriko yale watu wa hali ya hewa waliyosema mvua yake haikuonekana Dar es Salaam tangu 1954, mimi nilikuwa na vitu vitatu: kipaza sauti cha mkononi, filimbi na simu. Kipaza sauti hakikuwa na betri. Betri zilichukuliwa kwenye mkutano wa hadhara wiki mbili nyuma na hakuna aliyezirudisha. Nikapuliza filimbi mpaka koo likakauka. Watu walifungua madirisha wakidhani ni ulinzi shirikishi wanamfukuza mwizi, wakafunga tena.

Tukaamua kupeleka watu shule ya msingi, iko kwenye mwinuko. Tumefika na watoto mgongoni, geti lina kufuli. Desemba ile, shule zimefungwa, mwalimu mwenye ufunguo amekwenda kwao kula sikukuu, simu haipatikani. Mgambo mmoja akavunja kufuli kwa jiwe. Watu wakalala madarasani siku tatu. Mwezi wa pili nikapokea barua kutoka ofisi moja ambayo sitaitaja, ikiniuliza kufuli ilivunjwa kwa kibali cha nani na nani atalilipa. Barua hiyo nimeibandika kwenye kaunta buku namba 6. Kufuli nililipa mimi.

*

*Mtendaji, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nimeambiwa niandike kuhusu uongozi wa jiji wakati wa maafa. Nikitafuta mkubwa ni nani, meya, mkuu wa mkoa, zimamoto au Ofisi ya Waziri Mkuu, kila mtu ananipa jibu lake. Nisaidie.*
Mwanafunzi, Ubungo

Wote wamekujibu kweli, kila mmoja kwa kipande chake. Tuanze na jiji lenyewe. Unaposema "jiji la Dar es Salaam" unasema kitu gani? Kwa mtu wa kawaida ni kuanzia Bunju mpaka Kigamboni. Kwa karatasi za serikali, mkoa huu una halmashauri tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Ilikuwepo Halmashauri ya Jiji juu yao, ikavunjwa Februari 2021, na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji. Kwa hiyo meya wa Jiji la Dar es Salaam leo hana neno Kinondoni. Sasa simama darajani Jangwani: ng'ambo moja Ilala, ng'ambo nyingine Kinondoni, na maji yanapita katikati hayajamuuliza meya yeyote.

Ndiyo maana kiti cha mbele wakati wa maafa hakikaliwi na meya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, imepanga kamati kwa ngazi: taifa, mkoa, wilaya, kata, mpaka kijiji au mtaa. Mkoani anaongoza mkuu wa mkoa, wilayani mkuu wa wilaya. Juu kabisa uratibu uko Ofisi ya Waziri Mkuu, kwenye Idara ya Menejimenti ya Maafa. Msingi wake ni kwamba tukio linashikwa na ngazi iliyo karibu nalo, likiishinda linapandishwa. Nyumba moja ikiungua ni ya mtaa na zimamoto. Kata tatu zikizama, hilo ni la wilaya au mkoa.

Usichore ukadhani ni jeshi ambalo amri ikitoka juu kila mtu anaruka. Kamati ni meza. Angalia wanaokaa kuizunguka na mabosi wao. Zimamoto zamani walikuwa wa halmashauri, magari mekundu ya manispaa. Baada ya sheria ya 2007 wakawa jeshi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Polisi nao huko huko. Barabara za mitaa zilikuwa za halmashauri, tangu 2017 ni za TARURA, na zile kubwa ni za TANROADS. Maji ni DAWASA. Umeme ni TANESCO, na huyu ndiye wa kwanza kutafutwa mafuriko yakianza, akate laini kabla nguzo haijaanguka majini. Halmashauri imebaki na nini? Shule, ambazo ndizo malazi. Zahanati na maafisa afya. Magari ya taka. Vibali vya ujenzi. Na sisi watendaji, ambao hatuna gari wala tochi ila tunajua nani anaishi wapi.

Mwenye mamlaka ya kumwambia TANESCO na TARURA "mje hapa sasa hivi" na wakaja ni mkuu wa mkoa au wa wilaya. Meya anaweza kuomba. Kwa mtazamo wangu, nguvu ya meya iko mwezi wa saba, wakati madiwani wameshapitisha bajeti: mitaro imepangiwa kiasi gani, boti ya uokoaji ipo au haipo. Huo ndio wakati wa kumbana diwani wako, maana mwezi wa nne maji yakiwa kiunoni hana cha kukupa zaidi ya pole.

Kuhusu mitaro nikuchekeshe kidogo. Palikuwa na mtaro mmoja katani kwangu umeziba kwa matairi na viroba vya taka. Nikaandika barua ofisi ya kwanza, wakajibu mtaro uko pembeni ya barabara kwa hiyo si wao. Ofisi ya pili wakasema barabara ni yao lakini taka si zao. Ya tatu wakasema taka ni zao zikiwa juu ya ardhi, zikishaingia mtaroni si zao tena. Nilipokea majibu matatu yenye mihuri mitatu. Siku ya mazoezi ya maafa wilayani, yale ya mezani, mnakaa na chai na sambusa mnasomewa tukio la kubuni, nikazitoa barua zote nikaziweka mbele ya mwenyekiti. Mtaro ulizibuliwa Alhamisi ile. Weka hilo kwenye insha yako: faida ya kamati ni kwamba wenye mihuri wanaonana uso kwa uso.

*

*Sisi Mombasa zimamoto ni ya kaunti. Kwenu mbona imekwenda serikali kuu?*
Msomaji, Likoni

Katiba yenu ya 2010 iliweka kuzima moto na usimamizi wa maafa kwenye kazi za kaunti, kwa hiyo moto ukimshinda gavana wenu mnajua wa kumnunia. Sisi tulikwenda njia nyingine: jeshi moja, mafunzo mamoja, sare moja nchi nzima, na namba moja, 114. Njia yenu inaweka gari karibu na mwenye kulipia kodi, yetu inazuia halmashauri maskini kubaki haina gari kabisa. Mimi, kama mtu wa mtaa, ningependa funguo za gari zikae karibu, lakini sijui fundi wa halmashauri angelitunzaje.

*

*Mama, mimi ni mfanyabiashara Kariakoo. Jengo lilipoanguka Novemba 2024 tulichimba kwa mikono, tukatoa watu. Baadaye tukasukumwa nyuma ya utepe na maaskari kana kwamba sisi ni vibaka. Ni haki?*
Mwenye duka la vitenge

Kwanza niwashukuru mikono hiyo. Asubuhi ile ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba, kabla ya gari lolote la serikali kufika, waliokuwa pale ni nyinyi. Ndivyo ilivyo kila mahali: wa kwanza ni jirani. Zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai mpaka kazi ilipokwisha, na sehemu kubwa ya saa za mwanzo ilikuwa ya wachuuzi na wapiga debe.

Lakini utepe nao una sababu zake. Jengo lililolala halijatulia. Nguzo moja ukiivuta upande huu, upande ule zege linamshukia aliye hai. Halafu kuna sauti. Waokoaji huzimisha mitambo na kunyamazisha watu ili wasikie mtu anayegonga bomba au anayeita chini ya kifusi. Umati wa watu elfu moja hauwezi kunyamaza. Ndiyo maana pia kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, hakiingizwi kwa pupa, ingawa wanaosimama nje wanapiga kelele "leteni kijiko!"

Na kuna njia. Gari la wagonjwa linaloelekea Muhimbili au Amana likikwama kati ya mikokoteni na bodaboda za watazamaji, mliyemtoa kifusini anafia barabarani. Kwa mpango mzuri eneo lina mapete matatu: ndani kabisa waokoaji peke yao, pete ya pili waganga wanaopanga majeruhi kwa rangi, nyekundu awahishwe, njano anaweza kusubiri kidogo, kijani anatembea mwenyewe. Pete ya nje ni ndugu.

Walipokosea, kwa maoni yangu, ni kuwasukuma bila kuwauliza. Wewe wa duka la vitenge unajua ghorofa ya chini ilikuwa na maduka mangapi, nani alifungua mapema, stoo iko wapi, ngazi iko upande gani. Afisa wa zimamoto aliyetoka kituoni hajui. Kabla hamjavuka utepe palitakiwa mtu mwenye karatasi na kalamu: "Ndani alikuwa nani? Mara ya mwisho ulimwona wapi?" Nilikuwa nikiwaambia vijana wangu hivyo tangu lilipoanguka lile ghorofa la katikati ya mji, Ijumaa Kuu ya 2013, wakafa watu 36. Orodha ya waliokuwa ndani ina thamani sawa na nyundo.

*

*Mafuriko yakiisha unakuja msaada. Mchele, mablanketi, magodoro. Sisi wapangaji hatuuoni. Je, watendaji mnakula?*
Mpangaji mwenye hasira, Tandale

Umeuliza kama mtu anayetaka jibu, basi nikujibu bila kupaka mafuta. Wapo wanaokula. Nimeona godoro la msaada likiuzwa sokoni likiwa bado na nailoni yake. Lakini mara nyingi kinachomtoa mpangaji ni orodha, na orodha ni dhambi ya sisi wote.

Inakuwaje? Maji yakishuka, kamati inaomba majina ya walioathirika kabla ya saa kumi jioni. Mtendaji anamwita mjumbe. Mjumbe anawajua wenye nyumba, maana nyumba zina majina: kwa Mzee fulani, kwa Mama fulani. Ndani ya "kwa Mama fulani" kuna vyumba sita, kila kimoja na familia, na kwenye karatasi pameandikwa kaya moja. Kisha msaada unakuja, shangazi wa Mbagala naye anahamia kwa siku mbili ili ahesabiwe. Mimi nimewahi kuandikiwa watu 14 kwenye chumba ambacho kitanda kikiingia mlango haufungi.

Baada ya 2011 waathirika walihamishiwa Mabwepande, wakapewa viwanja. Kiwanja ni cha mwenye nyumba. Mpangaji aliyepoteza kila alichokuwa nacho alibaki anatafuta chumba kingine, mara nyingi bonde lile lile, kwa sababu kodi huko ni nafuu. Hata sasa, kwenye mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi ambao Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 200 mwaka 2022, nyumba zimevunjwa kwa fidia, Jangwani panatengenezwa, karakana ya mwendokasi inaondolewa mahali ambapo haikupaswa kuwekwa, na swali lako ni lile lile la Mabwepande.

Nilichofanya mimi, jaribu kumdai mwenyekiti wako afanye: orodha iandikwe kipindi cha kiangazi, chumba kwa chumba, si nyumba kwa nyumba. Mwaka 2015 walipoanza wale vijana wa Ramani Huria, wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutembea na simu wakichora mitaro, vichochoro na maji yalipofika ukutani, niliwafuata na kaunta buku yangu. Wao walichora nyumba, mimi niliandika nani yuko ndani: mzee asiyetembea, mjamzito, mtoto mwenye ulemavu. Kulikuwa na bibi mmoja amelala kitandani miaka minne, hakuna mjumbe aliyekuwa na jina lake, nilimjua mwaka 2011 kwa sababu tu muuza duka alisema usiku ule, "na yule bibi wa uani je?" Tulimtoa akiwa amelala juu ya mlango tuliong'oa, vijana wanne, maji kifuani. Tangu siku hiyo ukurasa wa kwanza wa kila kaunta buku yangu ni wa watu wa kubebwa.

*

*Jirani yangu anatapisha choo kila mvua ikinyesha. Hilo nalo ni maafa?*
Aliyechoka, Vingunguti

Ni maafa yanayokuja baada ya wiki moja, jina lake kipindupindu. Mripoti kwa afisa afya wa kata, ana uwezo wa kumtoza faini. Na maji ya kisima kifupi msiyanywe mpaka yamechemshwa au kutiwa dawa, hata yakiwa meupe kama ya chupa.

*

*Mama Mtendaji, nipe namba za kukumbuka na vitu vya kuweka kwenye begi la dharura. Kwa kifupi tafadhali, nina mtoto mchanga.*
Mama Kijacho wa zamani, Kinyerezi

Hongera. Zimamoto na uokoaji 114, polisi 112. Mjamzito au mtoto mchanga akizidiwa, piga 115. Ziandike ukutani kwa makaa, simu inaweza kuzima. Ukipiga, taja alama kwanza, jina la mtaa baadaye: msikiti, shule, kituo cha daladala. "Nyuma ya baa ya zamani" dereva wa zimamoto haijui.

Begi: vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki na leseni ya makazi ndani ya nailoni mbili zilizofungwa kinyume, kanga mbili, dawa za wiki, chumvi na sukari, maji lita tatu, pesa taslimu kidogo, maana umeme ukikatika mawakala wa simu wanafunga, filimbi, tochi.

Langu linaning'inia nyuma ya mlango. Jana nilipolikagua ili nikujibu kwa uhakika, vyeti vipo, kanga zipo, filimbi ipo. Tochi haiwaki. Betri zimehamia kwenye rimoti ya televisheni, na mjukuu wangu anasema hajui zilifikaje huko.